Kuchonga kwenye kompyuta: programu ipi kwa Windows, Mac, Linux na tableti

Swali linaloletwa dukani mara nyingi ni hili: "Nichukue programu gani ya kuchongea?" Halijibiki mpaka tujue mambo mawili: faili linakwenda wapi, na mashine uliyonayo ni ipi. Fundi wa milango anayetaka CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, imkatie nakshi za kizingiti cha juu hahitaji anachohitaji kijana anayetengeneza katuni, ingawa wote wawili huanza na donge lile lile la udongo wa kidijiti.

Tuanze na fundi wa milango, maana ndiye anayepotezewa pesa bure. Akiambiwa na watu wa mtandaoni kwamba lazima ajifunze retopolojia, yaani kuupanga upya uso wa umbo, huenda akanunua programu ya kazi hiyo, na mashine ya CNC haina haja nayo hata kidogo. Mashine haijali pembetatu zinazounda uso wa umbo zimepangwa vipi. Inataka uso uliofungika usio na tundu, basi. Chukua ubao wa milimita 900 kwa 300 wenye ua la yungiyungi katikati na mnyororo ukingoni. Ukichonga kwa ulaini wa nusu milimita, uso wa mbele peke yake una pembenne 1,800 kwa 600, yaani 1,080,000. Kila moja hugawanyika kuwa pembetatu mbili, na faili la STL la binari, ambalo ndilo hupelekwa kwenye mashine, hutumia baiti 50 kwa kila pembetatu. Hiyo ni takriban MB 108. Lipitishe kwenye Decimate, kipunguza pembetatu cha programu ya Blender, kwa kiwango cha 0.3, libaki kama MB 32. Pembetatu nyingi zitaondoka sehemu zilizo bapa, na petali zitabaki na umbo lake.

Kuchonga laini zaidi ya hapo ni kujichosha. Kisu cha kichwa duara chenye kipenyo cha milimita 3 hakifiki chini ya mfereji mwembamba kuliko milimita 3, hata uuchore vizuri vipi kwenye skrini. Mashine ya mihimili mitatu nayo hushuka kutoka juu tu: ukiinua petali ikawa na uvungu, ule uvungu utatoka umejaa mbao. Itabidi fundi aumalizie kwa patasi, na kwa kweli kazi inayomaliziwa kwa patasi ndiyo tunayoipenda zaidi.

Kosa jengine linaloharibu kazi ni kipimo. STL haibebi kipimo, inabeba namba tupu. Blender huhesabu kwa mita, programu ya mashine husoma namba zile zile kama milimita, na ubao wako wa 0.9 unatokea mdogo kuliko punje ya mtama. Unapotoa faili, weka Scale iwe 1000. Na kabla hujaanza kuchonga, bonyeza Ctrl+A uchague Scale, ili ukubwa unaouona uwe ndio ukubwa wa kweli. Usipofanya hivyo, kipimo cha Voxel Remesh, kinachoujenga upya uso kwa pembenne zilizo sawa, hakitalingana na ubao, na kompyuta inaweza kuganda ikijaribu kuzalisha mamilioni ya pembenne usiyoyaomba. Kumbuka pia kwamba ukipunguza kipimo hicho kwa nusu, pembenne za juu ya uso huongezeka karibu mara nne.

Retopolojia inakuwa lazima pale umbo linapotakiwa kutembea. Ni kuusuka upya uso juu ya ule uliochongwa, kwa pembenne chache zilizopangwa kufuata mwili, kama msusi anavyouongoza ukili ufuate duara la kikapu. Punda aliyechongwa kwa poligoni milioni 5 hachezeki kwenye mchezo wa simu. Akisukwa upya kwa elfu chache anakimbia, na mikunjo ya ngozi yake inarudishwa kwa picha ya nomali, inayoufanya uso uonekane una mabonde, iliyookwa (yaani iliyonakiliwa) kutoka kwenye lile umbo zito. Tazama goti lake. Likizungukwa na pete moja tu ya kingo, yaani mistari inayotenganisha pembenne, mguu ukikunjwa hubonyea kama mpira wa maji uliopindwa. Weka pete tatu: moja katikati ya kiungo, moja juu, moja chini. Macho na mdomo vivyo hivyo vizungushiwe pete zake, na zile ncha zinazokutanisha kingo tano zipelekwe shavuni au begani, mbali na panapojikunja.

Sasa programu zenyewe. Blender ni ya bure na inakaa Windows, Mac na Linux; faili lake la Linux linafunguka Mac bila ya ubishi. Ina uchongaji, ina QuadriFlow ya kusuka pembenne kwa kujiendesha, na ukiwasha sumaku ya kunasa uso pamoja na kirekebishaji cha Shrinkwrap, kinachougandisha uso mpya juu ya ule wa zamani, unasuka kwa mkono. Kwa wengi wanaokuja kwetu hiyo inatosha, na hatuoni sababu ya kuwauzia kitu chengine.

ZBrush inawazidi wote kwenye maumbo mazito, kwa sababu hutegemea prosesa kuliko kadi ya michoro, na ZRemesher yake, ya kusuka pembenne kwa kujiendesha, ni hodari. Lakini hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na ni ya Windows, Mac na iPad tu. Mtu wa Linux asijitese kuilazimisha. Achukue 3DCoat, ambayo iko kwenye mifumo yote mitatu na chumba chake cha retopolojia ni kizuri mno kwa kazi ya mkono. Au Instant Meshes, ya bure, ndogo, unayoielekeza kwa kuchana mistari juu ya umbo kama unayechana nywele. Mwenye tableti ya Android au iPad ana Nomad Sculpt, inayotoa STL na OBJ, aina nyengine ya faili la umbo. Umeme ukikatika Chake Chake au Mkunazini, mwenye tableti anaendelea kuchonga.

Kwa mwenye laptopu ya mtumba: angalia kadi ya michoro kabla ya kupakua. Intel HD 4000 haiendeshi Blender 4.0 wala zilizofuata, kwani zinahitaji OpenGL 4.3 (lugha ya programu kuzungumza na kadi ya michoro), bakia kwenye 3.6. Mac zenye prosesa ya Intel zinaishia Blender 4.5, maana toleo la 5.0 limeziacha. RAM ya GB 8 ndiyo sakafu. Kwenye Linux yenye kadi ya NVIDIA, weka draiva ya NVIDIA yenyewe, la sivyo brashi itakuja nyuma ya mkono.

Kalamu ikikataa kuhisi mgandamizo kwenye Windows, usikimbilie kuirudisha dukani. Fungua mipangilio ya Blender, sehemu ya Input, ubadilishe Tablet API kutoka Windows Ink kwenda Wintab au kinyume chake, kisha uifunge programu na kuifungua tena. Kwenye Mac kawaida ni ruhusa: draiva ya kalamu inataka kuruhusiwa kwenye Accessibility na Input Monitoring.

Na jambo hili tunaliomba kwa dhati: usiitegemee hifadhi ya kujiendesha ya Blender. Imewekwa kila dakika 2, lakini haichukui kazi iliyo bado kwenye hali ya kuchonga. Umeme ukikatika baada ya saa mbili za kuchonga, saa mbili hizo zimekwenda. Bonyeza Ctrl+S kila unapomaliza ua moja, na kila nusu saa hifadhi nakala yenye namba mpya. UPS hata ndogo inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Unapotuletea kazi, fomati flashi kwa exFAT. NTFS inasomeka tu kwenye Mac bila ya kuandikika, na FAT32 inakataa faili linalofika GB 4. Kama kuna picha za rangi, majina yake yawe na herufi zile zile kila mahali, kwani kwa Linux "Ua.png" na "ua.png" ni vitu viwili na umbo litafunguka bila ya rangi. Lete faili la asili pamoja na STL au OBJ, na karatasi iliyoandikwa urefu, upana na kina kwa milimita, aina ya mbao, na upande gani nyuzi za mbao zinaelekea.