Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika habari za Haiti

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshika kalamu na kamera, marahaba nyote. Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince Juni 2024 naona mnaandika sana kuhusu Haiti, na nafurahi, manake zamani ile nchi huku kwetu ilikuwa haitajwi mpaka ipigwe na tetemeko au kimbunga. Ila kuna kitu kinaniuma na nitakisema. Stori karibu zote zinaanza na magenge, zinaenda na magenge, zinaisha na magenge, halafu mtu anafunga kwa kusema eti Haiti imeshindwa kujitawala, na wengine mnaandika kabisa kwamba ina laana. Hilo la laana naomba mliache. Yaliyoipata Haiti yamefanywa na watu wenye majina na vyeo, tarehe zinajulikana, karatasi zipo, na kuzitafuta ndo kazi yenu.

La 1825 siku hizi angalau mnaligusa, kwamba Wahaiti walimtoa Mfaransa kwa damu yao wakapata uhuru 1804, halafu miaka 21 baadaye mfalme Charles X akatuma manowari kuwadai faranga milioni 150 kama fidia ya wamiliki wa mashamba na wa watumwa, wakakopa kwenye mabenki ya Paris ili wamlipe huyohuyo Mfaransa, na hata deni lilipopunguzwa kuwa milioni 90 mwaka 1838 madeni yaliyozaliwa humo yaliendelea kulipwa mpaka 1947. Pia baadhi yenu mnajua kwamba Desemba 1914 wanamaji wa Marekani waliingia benki ya taifa wakabeba dhahabu ya dola laki tano wakaipeleka New York, na mwaka uliofuata wakaikalia nchi nzima mpaka 1934. Sawa, hayo andikeni.

Lakini la 2001 mbona hamliandiki? Hili ndo limenifanya nikae niandike hii barua, kwa sababu halina manowari wala mabomu, ni barua tu na simu za maofisini, na mambo ya namna hiyo huwa yanawapita waandishi.

Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, ile inayoitwa IDB, ilikuwa imeshaipitishia Haiti mikopo minne, jumla kama dola milioni 146, ya barabara, elimu, afya na maji. Ya maji peke yake ilikuwa dola milioni 54, na miji iliyokuwa itengenezewe mabomba ilikuwemo Port-de-Paix na Saint-Marc. Ikumbukeni Saint-Marc, nitarudi kwake. Sasa Mei 2000 ukafanyika uchaguzi wa bunge, waangalizi wa Umoja wa Nchi za Amerika wakasema viti vichache vya useneta vimehesabiwa vibaya, na hilo lilikuwa kweli, sitaki mdanganye watu hapo. Ila kutoka kwenye ugomvi wa viti vichache wakubwa wakafunga bomba lote la misaada. Aprili 2001 mwakilishi wa Marekani kwenye hiyo benki akamwandikia rais wa benki akitaka hela ya Haiti isitolewe, wakati mkataba wa benki yenyewe unakataza maamuzi yake kuingizwa siasa za ndani za nchi mwanachama. Maseneta saba kwenye vile viti wakajiuzulu ili yaishe, hela haikutoka. Haiti ikaendelea kudaiwa ada za mikopo ambayo haijashika hata senti yake. Halafu Julai 2003 serikali ikaambiwa ilipe kwanza malimbikizo ya madeni ya nyuma, ikakomba karibu akiba yake yote ya fedha za kigeni ikalipa, yaani nchi maskini kuliko zote upande ule wa dunia inatuma dola milioni 32 Washington ili ifunguliwe mkopo wa maji ya kunywa.

Someni hiyo sentensi tena wanangu. Na haya hayajafichwa, watu wa haki za binadamu pamoja na madaktari wanaofanya kazi kulekule walizidai nyaraka za Wizara ya Fedha ya Marekani kwa sheria ya uhuru wa habari, wakazipata, wakazitoa 2008. Magazeti makubwa yakazipitia juujuu, kesho yake yakahamia kwingine.

Wakati serikali imenyimwa hela, upande wa pili hela ilikuwepo. Taasisi ya Kimarekani inayoitwa IRI, inayopewa fedha na serikali yao, ilikuwa inawakusanya na kuwapa mafunzo wapinzani wa Aristide, rais wa Haiti wakati huo, ng'ambo ya mpaka, Jamhuri ya Dominika. Februari 2004 waasi wakashuka kutoka kaskazini, wakubwa wao wakiwa wanajeshi na polisi wa zamani, na tarehe 29 Aristide akapakiwa kwenye ndege ya Marekani mpaka Bangui, huku kwetu Afrika. Yeye kasema alitekwa, Marekani ikasema kaondoka kwa hiari yake, nchi za Karibiani zikataka uchunguzi wa kimataifa na uchunguzi haukufanyika. Msije mkamwandika Aristide kama malaika, alikuwa na vijana wake wenye silaha waliotisha watu na hilo nalo liandikwe. Lakini mwenye kosa anahukumiwa na wananchi wake, na mtoto wa Port-de-Paix anayeharisha hakuhesabu kura zozote.

Sasa tuje Saint-Marc. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko kubwa la Januari mwaka huo, kipindupindu kikalipuka bonde la mto Artibonite, ugonjwa ambao madaktari wa Haiti walikuwa hawaujui kabisa kwa kuona. Ulitoka kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, kikosi kilichotoka Nepal, maji taka ya kambi yakaingia mtoni, na hospitali ya Saint-Marc ikawa kati ya za kwanza kuzidiwa na wagonjwa. Mji uleule uliokuwa upate mabomba! Siwezi kusema mabomba yangemwokoa kila mtu. Ila watu karibu elfu kumi walikufa nchi nzima, na wengi walikuwa wanakunywa maji ya mto kwa sababu hawana mengine. Umoja wa Mataifa ulikataa kuwajibika miaka mingi, Ban Ki-moon akaja kuomba radhi Desemba 2016 na kuahidi mfuko wa dola milioni 400, na kilichochangwa na nchi wanachama ni kidogo sana ukilinganisha na ahadi.

Mchele nao ni vilevile, 1995 ushuru wa mchele wa nje ulishushwa kutoka asilimia 50 mpaka 3, mchele wa ruzuku wa Marekani ukajaa, wakulima wa Artibonite wakaanguka, na Bill Clinton mwenyewe akaja kukiri mbele ya Seneti yao 2010 kwamba ilikuwa makosa. Vijana wa wale wakulima walikimbilia wapi? Kwenye vitongoji vya Port-au-Prince, vilevile mnavyovipiga picha leo mkitafuta magenge.

Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki. Ukisikia serikali ya Haiti haitoi huduma, uliza hela ilipitia mkono wa nani, manake baada ya tetemeko ile misaada ya dharura serikali ilishika karibu asilimia moja tu. Ukiandika kwamba kiongozi hana uhalali, uliza nani alimweka, kama Julai 2021 pale mabalozi walipotoa tamko la kumtaka Ariel Henry aunde serikali na ndani ya siku chache akawa ndo waziri mkuu. Ukiandika magenge, andika na bunduki zinakotoka, nyingi zinapitia Florida, Haiti haina kiwanda cha bunduki. Na mnaofuatilia polisi wetu waliotumwa kule, msiishie kuhesabu magari ya deraya, ulizeni nani aliahidi kulipa na kalipa kiasi gani, kwa sababu mchezo wa kuahidi na kushikilia hela ndo huohuo wa 2001 na safari hii watoto wetu waliingizwa ndani yake.

Na msiwahoji wageni peke yao. Haiti ina waandishi wake, ina mawakili wake waliosimama na familia za waliokufa kwa kipindupindu mpaka mahakama za New York, Umoja wa Mataifa ukajificha nyuma ya kinga yake ya kutoshtakiwa. Familia zile bado hazijalipwa fidia. Anzeni na hao. Na atakayeifuatilia ile mikopo ya maji mwanzo mpaka mwisho, ilitoka lini, ikajenga nini, nani bado anachota mtoni, aniletee niisome, hata ikiwa ndefu.