Kikao cha bamvua

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazetini kwako kwamba wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja ni wagumu kupokea teknolojia. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 18 hapa Jambiani. Naomba nafasi nieleze huo ugumu ulivyoanza, maana nilikuwepo.

Mwaka jana walitujia wageni na programu ya simu ya kuandikia mavuno. Kibali wanacho, kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani, wamepita, adabu zote wametimiza. Wakaita kikao skuli, Jumanne saa tatu asubuhi. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Anayeijua pwani hii keshaelewa: ni bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, na ikifika saa nne maji yameshatoka mbali, mashamba yako wazi, mwanamke wa mwani hayupo nchi kavu. Basi kikao kikajaa wanaume, wengi wao hata kigingi hawajawahi kukipiga. Wakaulizwa wanawake wanataka nini, nao wakajibu! Chai ikanywewa, picha ya pamoja ikapigwa.

Programu ilirudi kwetu ikiwa imeshakamilika. Inadai mavuno ya kila siku, ilhali mwani unakaa majini wiki sita hivi ndipo uvunwe, na kazi yetu inafuata bamvua. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayatoki mbali, tuko nyumbani tunatengeneza kamba. Inauliza kilo, haiulizi mbichi au kavu. Mwenzangu akaandika mbichi, mimi nikaandika kavu, simu ikachora kwamba shamba lake limelishinda langu mara nane. Tulicheka mpaka machozi. Akaniambia niende kwake nikajifunze kulima. Halafu mikono yetu ina chumvi na mchanga, kioo hakisikii kidole. Na simu yenyewe ya kioo nyumba nyingi ni ya baba au ya kijana, keshaondoka nayo kwenda mjini. Baada ya bamvua mbili hakuna aliyeifungua tena. Hapo ndipo tulipoitwa wagumu.

Ugumu gani, Mhariri? Kilimo hiki chenyewe kilikuja na ufundi mgeni. Kilianza kibiashara hapa na Paje mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino, na mama zetu wakajifunza vigingi na kamba ambavyo bibi zetu hawakuvijua. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei kuliko aina nyingine tunayolima, spinosum, ulipoanza kufa kwa joto la maji ya kina kifupi, mtafiti Dk. Flower Msuya alishirikiana na wakulima kujaribu nyavu za mirija, nyavu ndefu ambazo mwani hutiwa ndani yake, kwenye maji ya kina kirefu. Huko nako kuna mitihani yake, kwani wengi wetu hatujui kuogelea na chombo cha kutufikisha ni gharama. Lakini mitihani hiyo ilionekana kwa sababu wakulima walikuwemo ndani ya kazi, wakasema. Hawakungoja kupewa kitu kilichokwisha halafu walaumiwe kwa kukiacha.

Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walichoka na wageni wa namna hii kabla yetu. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe kwa watafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na utaratibu ulio wazi wa kufuata kabla ya kuanza kazi kwao. Sisi hatujafika huko. Ila kikundi chetu kimekubaliana kwamba atakayetaka kututafiti atuite wakati swali lenyewe bado linatungwa, na siku ya bamvua tukiipoteza kwa ajili yake, ailipe. Soda na nauli si malipo ya siku ya bamvua.

Jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Zile kilo tulizoziingiza kwenye simu ziko wapi? Mnunuzi anakuja kuzungumza bei, na mimi nina daftari lililolowa kurasa za katikati. Hesabu zetu zikiwa zimekaa salama kwenye mashine ya mtu, ni haki nasi turudishiwe, hata kwa karatasi moja.

Walioitengeneza programu hiyo wakiisoma barua hii, hatuna ugomvi nao. Waje tarehe 8 au 23 ya mwezi wa kuandama. Maji yatakuwa yamekufa, tutakuwepo nyumbani.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Kusini Unguja