Mwalimu kashika jagi, watoto wamekunja mikono

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea matokeo ya mpira mara mbili ndani ya wiki moja. Ila ile habari ya juzi, ya watoto wa darasa la tatu waliofundishwa vipimo vya ujazo "kwa vitendo", imenikwama kooni. Bila shaka mnaikumbuka, maana mliipa nusu ukurasa na picha ya rangi.

Picha hiyo nimeikata, ninayo hapa mezani. Mwalimu amesimama mbele na jagi la plastiki lenye mistari, ameliinua kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Jagi lenyewe limelala upande. Watoto wamekaa kwenye madawati, mikono imekunjwa, wasafi na wakavu kabisa. Chini mmeandika kwamba wanafunzi wanajifunza "kupima uzito wa maji kwa lita kwa mbinu mpya". Mstari mmoja, makosa matatu. Uzito hupimwa kwa kilo, lita ni ya ujazo. (Najua mwandishi alipoteleza: lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Aende dukani akapime lita moja ya mafuta ya kula, haifiki kilo.) La pili, mbinu hiyo si mpya. La tatu, hapo hakuna mwanafunzi anayepima kitu. Anayepima ni mwalimu peke yake, na yeye alishafaulu zamani.

Niliingia ualimu mwaka 1978, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa hiyo ni mmoja wa wale mnaopenda kutucheka. Sawa, chekeni. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya sitini na jagi lenye mistari sikuwahi kuliona. Tulikuwa na mtungi, kata ya kifuu, makopo ya maziwa, debe moja lililotoboka na chupa za soda walizoleta wenyewe. Kila kundi lilikadiria kwanza: kata ngapi zitajaza mtungi huu? Waliandika makadirio kwa chaki sakafuni, ndipo wakachota huku wakihesabu kwa sauti. Waliobisha walirudia. Baada ya kundi hili kupata kata ishirini na lile kupata ishirini na sita, wenyewe waligundua kwamba kata hazilingani, na hapo ndipo neno lita lilipoingia, kwa sababu sasa walilihitaji. Siku hizi lita inakuja kwanza, ubaoni, na mtungi hauji kabisa. Watoto wanaimba "haba na haba hujaza kibaba", na ukiwauliza kibaba ni nini wanakutazama. Ni kipimo cha nafaka; vibaba vinne ni pishi moja, na pishi hiyo hiyo ndiyo wazee wao wanaitaja kila Ramadhani wakitoa zaka ya fitri.

Sasa niwaambie kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mjukuu wangu mdogo aliharisha, zahanati wakatupa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Nikiwa jikoni na uji, nikamwambia kaka yake, yuko darasa la tano, "Mume wangu, hebu mkorogee mwenzio dawa." Pakiti imeandikwa waziwazi: changanya na maji safi lita moja. Natoka, namkuta amechukua chupa ya maji ya nusu lita, amemimina pakiti nzima, anatikisa kwa bidii. Nikamuuliza lita moja ni kiasi gani. "Mililita elfu moja, bibi!" Hata hakupepesa macho. Na hiyo chupa? Akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta bei. "Mia tano." Kwa hiyo? Kimya. Mhariri, daftari lake la Hisabati lilikuwa pale pale kwenye mkeka, limekolezwa wino mwekundu, tisa kwa kumi, somo: kubadili lita kuwa mililita. Mtoto anajua jibu na hajui kitu! Elfu moja na mia tano zipo kichwani mwake kama majina ya mitaa ya mji asioufika. Na maji hayo yangekwenda tumboni mwa mtoto wa miaka miwili, chumvi na sukari mara mbili ya ilivyotakiwa, dawa ya kumwokoa imgeukie. Niliyamwaga. Sikumgombeza, kwa sababu aliyestahili kugombezwa hakuwepo pale.

Jumamosi nikamkalisha chini ya mwembe na dumu la lita tano, zile chupa za nusu lita, na dada yake wa miaka sita akataka na yeye. Kadiria, chupa ngapi? "Tano." Alipomimina ya tano akachungulia, dumu liko nusu. Akanitazama, akaenda kuchota zaidi bila kutumwa. Chupa ya kumi ilipoingia maji yalikuwa shingoni mwa dumu, akalalamika kwamba nimemdanganya, maji hayakutakiwa kufika pale. Ndipo tukaona kwamba chupa ya nusu lita ukiijaza mpaka mdomoni inapita nusu lita, kiwandani huacha nafasi juu. Dada yake nilimmiminia maji ya bilauri ndefu kwenye bakuli pana mbele ya macho yake, akaapa yamepungua. Tukayarudisha kwenye bilauri, akacheka, halafu akaapa tena yamepungua nilipoyamimina mara ya pili. Yule mwanasaikolojia Mswisi, Jean Piaget, aliandika juu ya hilo na nilimsoma nilipokwenda kujiendeleza chuoni. Mtoto wa umri ule haelezwi akaelewa. Anamimina, anarudisha, anamimina, mpaka siku moja macho yanakubali.

Mtasema maji ya shida mashuleni. Tumieni mchanga, au mahindi, na siku ya maji yenyewe mmwagie bustani ya mchicha.

Halafu mnashangaa kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. Kila msimu mnaandika kwamba wakulima wanaibiwa, kwamba sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, kwamba Wakala wa Vipimo wametoa onyo. Nani alimfundisha mkulima huyo kuangalia chombo? Hapa sokoni kwetu kuna sado, vile vindoo vya kupimia, zilizobonyezwa kitako kwa ndani kama kofia, unapimiwa nyanya zimefanya kilima juu na unaondoka umefurahi. Mimi huingiza mkono kwanza, wananiita bibi mkorofi. Na jirani yangu, mtu wa kidato cha nne, analipia maji uniti kumi na nne kila mwezi na anadhani uniti ni mambo ya umeme. Uniti moja ya maji ni lita elfu moja, madumu hamsini ya lita ishirini. Nilipomhesabia madumu mia saba, akaenda kukagua bomba lake. Lilikuwa linavuja.

Pendekezo langu halihitaji mradi wala semina ya hotelini. Mtumeni yule mwandishi siku ya Jumatano, baada ya uji wa saa nne, awe na dumu moja la lita tano, chupa kumi za nusu lita, sado moja nzima na sado moja iliyobonyezwa. Avipeleke kwa watoto, akae nyuma, anyamaze. Na kuanzia leo muweke sharti hapo chumba cha habari: picha ya somo la ujazo isitoke gazetini kama hakuna mtoto hata mmoja aliyelowa.

Tena mwambieni yule mwalimu jagi halisomwi likiwa hewani. Aliweke mezani, ainame mpaka jicho lilingane na maji. Vile alivyolishika, hata yeye hajui mna kiasi gani.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga