Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kati ya Miezi 9 na 18

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama, kila mwisho wa mwaka, kazi iliyofanyika na ile iliyoshindikana. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini, mtakayosomewa baada ya hii, kwa hiyo sitayagusa. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni umri ambao watoto wetu waliochelewa katika makuzi wanakuwa nao wanapotufikia kwa mazoezi.

Tangu tuanze, chama kimezoea kumpokea mtoto mwenye miaka 3 au 4 ambaye shingo haijakaza, mapaja yamekakamaa na miguu imeanza kupishana kama mkasi, na ambaye mama yake amekwisha kuzunguka kwa waganga wa jadi na kwenye maombezi kabla ya kusikia kwamba yapo mazoezi. Tunampokea na kazi inafanyika. Hata hivyo kila mwenye uzoefu humu ndani anajua kwamba msuli uliokwisha kufupika hautii kama ule ambao ungenyooshwa tangu mtoto ana miezi 6, na kwamba ubongo hukua kwa kasi kubwa mno katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba hadi miaka 2. Siku hizo ndizo tulizokuwa tukizitumia kuwasubiri watoto waje.

Sababu mojawapo ya kuchelewa kwao tuliiona kwenye kadi za kliniki. Ratiba ya chanjo humleta mtoto kliniki anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Tulipokaa na akina mama na kuzifunua kadi moja moja, tulikuta nyingi zimejazwa vizuri hadi miezi 9, na baada ya hapo ni nafasi tupu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote huwa wanakaa bila kushikwa wakiwa na miezi 9 na siku chache, na huwa wanatembea wenyewe wanapokaribia miezi 18. Maana yake ni kwamba kipindi ambacho ucheleweshaji unaanza kuonekana waziwazi ndicho kipindi ambacho mtoto haonwi na mtaalamu yeyote. Anaonwa na majirani, nao husema, "Subiri, hata baba yake alichelewa."

Nisiwaonee majirani. Mwanangu wa pili alizaliwa amechoka, hakulia upesi, na nilipompeleka kliniki akiwa na miezi 10, akiwa bado anaanguka nikimkalisha, mhudumu aliyetupokea aliniambia kwamba watoto wanene huchelewa, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Simlaumu. Mzani wake ulipima uzito, na uzito ulikuwa mzuri.

Mwaka huu, kwa ruhusa ya waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo vya afya, wanachama wetu walianza kukaa kwenye foleni ya mzani siku za kliniki, Igombe na Kayenze, hapa Mwanza. Hawampi mtoto jina la ugonjwa, wala hawana mamlaka hayo. Wanamuuliza mama kama mtoto aligeukia sauti, kama anamtazama usoni, kama hupaliwa anaponyonya, na kama hutumia mkono mmoja tu ilhali hajatimiza mwaka, kwa kuwa mtoto mdogo kiasi hicho hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea. Wanauliza pia habari za uzazi na za wiki za mwanzo: kuchelewa kulia, kuzaliwa njiti, manjano iliyozidi, degedege, homa ya uti wa mgongo. Mwenye dalili anaandikiwa rufaa na kituo kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, na mwanachama mmoja humsindikiza mama safari ya kwanza, maana tumejifunza kwamba karatasi ya rufaa peke yake huishia kwenye mkoba. Mtoto ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita kawaida hasubirishwi hata wiki moja.

Nyumbani tumeacha kufundisha mazoezi kama dawa ya kutwa mara tatu. Mama anayeanika dagaa tangu alfajiri hana saa nzima ya kumnyoosha mtoto, lakini anambeba, anamwogesha na anamlisha. Mgongoni, kanga ikifungwa vizuri, miguu iliyokakamaa hupanuliwa bila kilio. Wakati wa kula, mtoto huketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, na uji huwa mzito wa kutosha kutomkimbilia kooni. Viti vya kona, vinavyomshikilia mtoto akae wima, tumevitengeneza kwa maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga. Vinasimama imara, ingawa panya wa Kirumba wamevipenda kuliko tulivyotarajia.

Jambo ambalo tulilikosea mwanzoni ni kalenda. Tulipanga mikutano Jumamosi, na kwenye mialo, yaani maegesho ya mitumbwi ya uvuvi, hakuja mtu, kwa sababu mvuvi wa dagaa hafuati Jumamosi, anafuata giza. Tulipohamishia mikutano kwenye siku za mbalamwezi, wakati taa haziendi ziwani na baba yuko nyumbani, watu walikuja, na kwa mara ya kwanza tukaona akina baba wakimshika mtoto wakati wa mazoezi badala ya kusimama mlangoni. Wanaohama kambi bado wanatuponyoka, na kisiwa cha Ukara hatujafika kabisa. Upande wa Sengerema na Buchosa safari zimekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwani mama hakai tena kwenye foleni ya kivuko na mtoto mwenye kifafa mapajani.

Tumeshindwa kwenye matamshi. Mtoto anayesikia lakini hasemi, na yule tunayemdhania usonji, tunaweza kumpa michezo na subira ya mama, ila wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache mno nchini na hatukumpata wa kutufundisha.

Kwa upande wa serikali, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inafikia ukomo wake mwaka wa fedha 2025/26. Kamati imeandaa barua kwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, iliyoko Nyamagana, na ya Manispaa ya Ilemela kuomba kwamba, katika mpango utakaofuata, uchunguzi wa makuzi uwekwe rasmi kwenye hudhurio la miezi 9, na kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamfuate nyumbani mtoto asiyeonekana kliniki hadi miezi 18. Kumbukeni pia kwamba sera ya afya inamsamehe malipo mtoto aliye chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali, hivyo mwaka unaopotea unapoteza na msamaha huo.

Barua hiyo iko mezani kwa katibu. Naomba muisome, mrekebishe panapohitaji, na kila kikundi cha mwalo kiteue mtu mmoja wa kuisaini kabla hatujamkaribisha mhazini.