Ufanisi wa seli za jua upimwe pamoja na mistari yake ya metali

Mhariri,

Kila inapotangazwa kwamba seli ya jua ya utando mwembamba, yaani iliyoundwa kwa matabaka membamba sana, imevunja rekodi ya ufanisi, habari hujaa sifa za tabaka linalofyonza mwanga, na ni nadra kutajwa mistari ya metali iliyo juu yake. Naomba mistari hiyo ipewe nafasi, kwani isipohesabiwa msomaji hupewa tarakimu pungufu.

Mistari hiyo, ambayo mara nyingi ni ya madini ya fedha, ndiyo inayokusanya umeme upande wa mbele. Tabaka angavu lililo chini yake, kwa mfano la oksidi ya zinki iliyotiwa alumini kidogo, nalo hupitisha umeme, ila kwa ukinzani mkubwa zaidi. Umbali kati ya mistari ukiongezwa maradufu, nguvu inayopotea ndani ya tabaka hilo huongezeka mara 4; mistari ikikaribianishwa, kivuli chake huzuia mwanga. Tuchukue mistari yenye upana wa mikromita 100, iliyopangwa kila baada ya milimita 2: tayari asilimia 5 ya uso imefunikwa, na seli iliyotangazwa kuwa na ufanisi wa asilimia 20 kwa kuhesabu sehemu zilizo wazi tu, kumbe ina asilimia 19.

Kuichapa mistari hiyo nako si kazi nyepesi. Kwenye seli za kawaida za silikoni, rojo lenye chembe za fedha husukumwa kwa kibao cha mpira kupitia wavu, kisha seli hupitishwa upesi katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, chembe zikashikana. Seli nyingi za utando mwembamba zikishakamilika huharibika hata kwa nyuzi zinazozidi 200 kidogo, kwa hiyo hutumiwa rojo linalokauka kwa joto dogo, ambalo gundi yake hubaki katikati ya chembe na kuufanya mstari upitishe umeme kwa shida kuliko fedha tupu. Dawa yake ni kuuongezea mstari kimo bila kuupanua, na hapo ndipo ustadi unapohitajika: rojo jepesi mno hutambaa pembeni kabla ya kukauka, na zito mno huacha mstari uliokatika.

Ni kweli kwamba paneli nyingi za aina hii hugawanywa kwa leza kuwa vipande vilivyounganishwa kwa mfuatano, bila mistari hiyo. Lakini hata mikato ya leza hula sehemu ya uso.

Seli ndogo za maabara, kwa upande wake, mara nyingi huwekewa nikeli na alumini kwa kuzivukiza ndani ya ombwe, njia iliyo mbali sana na uchapaji wa kiwandani. Kwa hiyo nawasihi waandishi wenu, wanapopewa tarakimu ya ufanisi, waulize kama imepimwa kwa uso wote au kwa sehemu zilizo wazi tu, na kama metali ya mbele ilichapwa au ilivukizwa.

Wasalaam,
Msomaji wenu