Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Dodoma

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulivua bwawa la Hombolo mara tano, tukafanya usafi kandokando ya bwawa mara moja, tukazika wenzetu wawili na kuwachangia wagonjwa. Leseni za uvuvi tulikumbushana. Basi.

Nianze na shindano letu la kuvua samaki katika bwawa la Mtera, kwa sababu ndilo linalosemwa vijiweni.

Wanachama vijana ndio walioleta hoja kwamba tuanze kushindana kama wafanyavyo wavuvi wa bass, samaki wa maji baridi, kule Marekani. Samaki huyo katika mabwawa yetu hatumpati. Jirani zetu Wakenya wanaye katika ziwa Naivasha, alikopelekwa miaka ya 1920. Aliyependekeza tumlete Hombolo naomba asirudie. Bass ni mla samaki wenzake, na perege wetu watakwisha. Tulichochukua ni utaratibu wao tu. Mashindano hayo yalipata sura yake mwaka 1967, Ray Scott alipoandaa la kwanza katika ziwa la Beaver, Arkansas. Mwaka 1972 alianza kuhimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai. Mvuvi hupima samaki watano walio wakubwa kuliko wote aliowapata siku hiyo. Samaki aliyekufa hukatwa uzito, na mvuvi anayechelewa kurudi hupunguziwa ratili moja (karibu nusu kilo) kwa kila dakika. Katika baadhi ya mashindano asiye na boti hukaa nyuma ya mwenye boti, akajifunza huku akishindana. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichonivutia, maana wengi wetu hatuna hata kasia.

Sasa lawama. Inasemwa mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Niliitisha vikao vinne mwaka mzima. Vitatu havikufikia akidi. Katika kimojawapo, cha Juni, tulikaa watu saba chini ya mwembe hadi saa kumi na moja jioni, tukaondoka. Kamati tendaji ikaamua, na katiba yetu inaruhusu. Asiyehudhuria asije leo na kalamu nyekundu.

Lawama ya pili ni samaki kurudishwa bwawani. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Mwenyekiti, umetutoa Dodoma mpaka Mtera, tumechomwa na jua, halafu kitoweo unakimwaga?" Nilimheshimu, sikumjibu pale. Namjibu leo. Kama wavuvi ishirini na wawili wangebeba kila walichovua, tusingekuwa na tofauti na wenye makokoro. Lengo la shindano ni mizani, si sufuria. Nakiri kwamba joto lilitushinda. Saa nane mchana maji ya tenki la kuwekea samaki hai yalikuwa vuguvugu, pampu ikazimika betri ilipoisha, na kati ya samaki 41 waliopimwa walikufa tisa. Wavuvi wao walikatwa gramu 100 kwa kila samaki aliyekufa kama tulivyokubaliana, na mshindi wa kwanza alishuka hadi nafasi ya tatu kwa ajili hiyo. Bado hanisalimii. Kuhusu uvumi kwamba niliondoka na ndoo ya perege: sita walikaangwa pale ufukweni na mliwala, watatu walipewa wenye mitumbwi. Mimi nilikula ugali na maharage.

Mtera si mahali pa kuchezea. Mamba wapo, viboko wapo, na upepo wa mchana hupandisha mawimbi ghafla. Ndiyo maana nilikataa mtu yeyote kupanda mtumbwi bila jaketi okozi, hata yule aliyesema amezaliwa mtoni. Gari lililobeba tenki lilikuwa langu, na mafuta ya kwenda na kurudi sikudai, ingawa hakuna aliyelitaja hilo.

Fedha. Bakaa ya mwaka jana 385,000, ada 510,000, viingilio vya shindano 220,000, harambee 640,000: jumla 1,755,000. Tenki, pampu, mizani na betri 740,000. Mitumbwi, majaketi, usafiri na chakula 950,000. Imebaki 65,000. Vitabu anavyo mweka hazina.

Na hapa ndipo penye donda. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Tuko wanachama 48; waliolipa ni 17. Wengine 31 wanadaiwa 930,000, fedha ambazo zingenunua tenki la pili na betri ya akiba, na pengine wale perege tisa wangerudi majini. Ajabu ni kwamba wanaolalamika kuhusu matumizi wamo wengi katika hao 31. Nina orodha mfukoni. Sitaisoma leo kwa kuwa wapo wageni. Hata kwenye soga za kikundi chetu katika simu ujumbe wa ada husomwa na wote, ila jibu lake ni alama ya kidole gumba.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya shindano la pili, labda Hombolo ili kupunguza gharama, na kuanza alfajiri kabla jua halijawa kali. Tutaangalia pia uwezekano wa kupata mfadhili. Vijana wameomba semina ya kufunga mafundo na kuchagua chambo, ombi nimelipokea, tutaona.

Tenki na mizani viko uani kwangu, chini ya turubai. Anayetaka kuvikagua anakaribishwa siku yoyote baada ya saa kumi, aje na risiti ya ada.

Mwenyekiti