Masimulizi ya wazee wa Kilwa Kisiwani nayo yahifadhiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu uhifadhi wa magofu ya Kilwa Kisiwani. Tangu yaingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na hata yalipokuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, kinachozungumzwa zaidi ni kuta: Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa, na ngome iitwayo Gereza ambayo upande mmoja umeliwa na bahari. Kazi iliyofanyika ni njema, sibishi.

Ila wenyeji wa kisiwa hatujawasikiliza vya kutosha. Mgeni ataelezwa kwamba Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alipita hapa mwaka 1331, lakini nani atamweleza namna matumbawe yanavyochomwa kwa magogo kupata chokaa, na chokaa hiyo inavyolazwa kabla ya kupigwa ukutani? Fundi mzee akifariki, ujuzi huo anakwenda nao.

Nashauri serikali ya kijiji iunde kikundi cha historia. Vijana warekodi wazee kwa simu walizonazo, kwa ridhaa yao, na jina la kila msimulizi liandikwe. Nakala moja ibaki shuleni kisiwani, nyingine ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Halmashauri igharimie vifaa vya kuhifadhia sauti hizo. Posho za semina moja tu zingetosha kuanzia.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko